Kitabu Alichokisifu Yuditha

Kitabu kilirudi maktaba kikinuka udi, na aliyekirudisha hakuwa Hafsa bali bibi yake, Mwantumu.

"Shikamoo, bibi. Hafsa hajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu anisomee hicho, si yeye tena."

Yuditha alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Yeye ndiye mkutubi. Jumamosi iliyopita alikuwa amepanga vitabu vipya mezani, riwaya huku, vya maarifa kule, na kibao mbele yake: TUNAKUSHAURI USOME. Hafsa, fundi cherehani asiyekosa maktaba Jumamosi, akainua kimoja kilichohusu majini ya Uzigua.

"Hiki umekisoma, dada?"

"Chote. Kitamu mno. Msomee na bibi."

Yuditha hakuwa amefunua hata jalada.

Sasa alilifunua. Mwanzoni kabisa mwandishi alionya: maneno ya kuita majini yasitamkwe kwa sauti ndani ya nyumba.

Alifunga maktaba, akamfuata bibi. Ilikuwa mchana, jua la Korogwe likichoma, lakini chumbani kwa Hafsa kulikuwa na ubaridi wa kisimani. Hafsa alikuwa amelala mkekani, macho wazi. Mzee Kibwana, mganga aliyeitwa kutoka Kwaluguru, alikuwa akifukiza. Pembeni cherehani ilikuwa ikishona bila kitambaa, bila mtu, kanyagio likipanda na kushuka.

"Nani kaniita?" Hafsa aliuliza kwa sauti nzito ya mwanamume. "Binti huyu katamka alichoambiwa asome. Nani kamwambia?"

"Kuna anayejua," Mzee Kibwana alinong'ona. "Aseme. Binti anaisha."

Yuditha alitaka kunyamaza, na angenyamaza, lakini bibi Mwantumu alikuwa amemshika mkono kwa nguvu kama mtu aliyeshika msaada wake wa mwisho, akimwita mwanangu, mwanangu, huku cherehani ikizidi kasi na sindano ikitoboa ubao tupu na harufu ya udi ikigeuka harufu ya udongo wa kaburi lililofukuliwa, mpaka maneno yakamtoka yenyewe:

"Ni mimi! Nilisema nimekisoma. Nilidanganya, bibi. Nilitaka tu vitabu vyangu vichukuliwe."

Cherehani ilisimama. Bibi aliuachia mkono wake.

"Basi natoka," sauti ilisema. "Ila siondoki mikono mitupu."

Hafsa akapiga chafya, akaomba uji.

Kesho yake, Yuditha alipokuja kumjulia hali, Hafsa alifungua riwaya aliyoiacha katikati. "Dada Yuditha," aliita polepole, "mbona kurasa ni nyeupe?" Gazeti lilikuwa jeupe machoni pake. Bango la duka, jeupe. Hata jina lake mwenyewe hakuliona. Hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomuumiza Yuditha kuliko matusi.

Siku hizi Yuditha hasifu kitabu ambacho hajakimaliza. Na kila Jumamosi jioni huenda kumsomea Hafsa vile vipya, wamekaa bega kwa bega kibarazani. Wakifika mwisho wa ukurasa, kabla Yuditha hajanyanyua mkono, ukurasa hufunuka wenyewe, taratibu, kama kuna msomaji wa tatu aliyetangulia kumaliza. Hafsa humshika goti. Yuditha huendelea kusoma.