Siku Kumi na Moja za Mkungamtambo

Kwenye ukuta wa kioo, nukta elfu nne za kijani zilikuwa zikipwitapwita, kila moja ikiwa mama mjamzito mmoja wa mkoa wa Tabora. Kibandiko chembamba kama ganda la kitunguu kilisikiliza moyo wa mtoto tumboni, kikapima shinikizo la damu la mama, kisha simu ikapeleka vipimo kwenye Mkungamtambo, mtambo uliowalinda wote kama mkunga. Nukta ikigeuka nyekundu, ndege ya wagonjwa isiyo na rubani ilipaa hata kabla mama hajajijua kuwa anaumwa. Tangu mwaka 2068 uanze, mtambo haukuwa umeandika kifo hata kimoja.

Mhandisi Nyamizi Kasubi, aliyeuunda, alikuwa akijiandaa kupokea wageni wa wizara pale mlinzi alipomletea mwanamume aliyevaa ovaroli ya kiwanda cha asali cha Urambo.

"Naitwa Mihayo, dada. Nina ombi dogo tu. Naomba mnisimamishie hizi meseji."

Nyamizi akaipokea simu, akasoma: *Hongera, baba. Leo Kalunde na mtoto wanaendelea vizuri.* Ujumbe ulikuwa umetumwa asubuhi ileile.

"Mbona ni habari njema?"

"Tumemzika Jumanne," Mihayo alisema. "Na mtoto tumboni. Leo Ijumaa."

Nyamizi alidhani hakusikia vizuri. Akaliandika jina la Kalunde. Nukta ikajitokeza, kijani. Mapigo ya mama, sabini na nane. Ya mtoto, mia moja na arobaini.

"Labda ni mtu mwingine," alisema, ingawa picha ya Kalunde ilikuwa kwenye kioo mbele yao wote wawili.

"Ndiye huyo." Mihayo hakupaza sauti. "Mimi nafanya kazi Urambo mjini, yeye alikuwa kijijini. Radi ikachoma mnara wa simu, nikawa simpati. Nikasema si neno, Mkunga anamwona. Kila asubuhi nasoma yuko salama, naingia kazini. Siku kumi na moja. Kumbe kifafa cha mimba kilikuwa kimeshamshika. Jirani alipokuja kuniita na pikipiki, ujumbe wa siku hiyo nilikuwa ndio kwanza nimeusoma."

Nyamizi akaitazama tena nukta ya kijani. Alijua. Manesi walikuwa wamechoshwa na ving'ora vya bure kila mtandao ulipokatika, naye, kwa nia ya kuwapumzisha, akaufundisha mtambo kuziba pengo kwa kukisia vipimo kutokana na vya siku zilizotangulia. Makisio yale yalikusudiwa kudumu saa moja. Hakuwahi kuyawekea kikomo.

"Mtambo haukuwa ukimwona mkeo," alimwambia. "Ulikuwa unakisia. Na aliyeufundisha ni mimi."

Mihayo aliichukua simu yake. "Sasa mimi nilikuwa nasoma nini?"

Nyamizi aligeukia kibodi. Akaufungua mtambo na kuyafuta makisio yote. Ukutani, nukta mia sita na kumi na mbili zikazimika kwa mpigo mmoja. Teodora, nesi wa zamu, alijishika mdomo.

"Wageni wanaingia saa nne, mhandisi."

"Waache waone. Toa ndege zote, na kila nesi mwenye pikipiki."

Tisa kati ya nukta hizo zilikuwa za kijiji cha Mihayo. "Nyumba zao nazijua," alisema, akatangulia kwenye ndege bila kungoja kuambiwa.

Nyumba mbili za kwanza walikuta kina mama wazima. Kwenye ya tatu, Nyamizi alipobisha hodi, alitoka mwanamke kijana, miguu imevimba, akishikilia ukuta.

"Karibuni," alisema. "Kichwa kinaniuma tangu juzi, na leo macho yameingia giza. Mama mkwe alitaka anipeleke zahanati kwa baiskeli, nikamwambia asijisumbue." Akatabasamu, akakigusa kibandiko tumboni. "Nilijua mnaniona."