Mlango wa Mama Débora

Mlango wa Sylvie ulikuwa umelala chini kama mgonjwa. Honorine aliukuta hivyo Jumapili, alipotoka misa ya kwanza, kitenge chake cha kanisani bado kinanukia pasi ya makaa. Aliuzunguka, hakuukanyaga. Ndani, godoro lilikuwa limepasuliwa kwa panga toka kichwani mpaka miguuni, na pamba yake imetapakaa mpaka kwenye sufuria ya mboga ya sombe. Radio ilikuwa mezani. Kapu la samaki ya chumvi, ambayo Sylvie alikuwa aipeleke sokoni kesho yake, lilikuwa limejaa vilevile.

"Mwizi gani huyu," alijiuliza, "mwenye kuja kuiba usingizi wa watu?"

Parseli yake, kiwanja cha nyumba hapo Nyakasanza, ilikuwa na milango mitatu kwenye mstari mmoja: mlango wake, mlango wa Sylvie mpangaji, na mlango wa depo ya maharagi. Honorine alikimbilia wa tatu. Kufuli ilikuwa nzima. Akafungua.

Nyuma ya magunia alikaa Lydie, magoti kifuani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Mkono huo mume wake Didier aliubandika juu ya mbabula yenye makaa. Tangu siku ile Lydie alikuwa amefichwa hapa, na zaidi ya Honorine waliojua walikuwa wawili tu: Sylvie, na Lambert, mwendesha pikipiki aliyemleta.

"Koko, ni yeye," Lydie akasema; vijana wote walimwita Honorine koko, yaani nyanya.

"Ulimuona?"

"Hapana."

"Ulisikia sauti yake?"

"Hakusema kitu. Lakini njo namna yake ya kupiga mulango. Anapiga kwanza polepole, kama mutu ya heshima. Kisha anavunja."

Honorine akakaa juu ya gunia. Kama ni Didier, juu ya nini mlango wa Sylvie? Na kama si Didier, nani mwingine anachukia godoro? Mawazo yalikuwa yamechanganyika kama mchele na maharagi vilivyomwagika pamoja, na yeye hakujua aanze kuchagua wapi.

Kitu kimoja tu alikijua. Lydie hawezi kulala hapa leo. Lambert ndiye wa kumtoa. Na kama Lambert ndiye aliyemuuza, basi kumpandisha Lydie kwenye pikipiki ile ni kumpeleka kwa Didier mkono kwa mkono.

Sylvie alifika, mtoto wake Débora mgongoni. Aliangalia mlango, akaangalia godoro, akakaa chini polepole.

"Ni Hélène," akasema. "Tuligombana juu ya nafasi sokoni. Aliniambia nitamujua."

"Hélène alikuwa anaimba kwaya mbele ya macho yetu, weye na miye. Alikosea hata wimbo wa sadaka, tukacheka."

"Anaweza kutuma mutu."

"Anaweza. Ngoja tuulize mwenye hakuenda misa."

Ng'ambo ya ua wa miti alikaa muzee Médard, mwenye mguu mbovu, akichonga mpini wa jembe. Honorine alimsalimia, akaulizia mguu, akaulizia usingizi. Ndipo akaulizia mlango.

"Nilisikia mbao, nikazania munapasua kuni," Médard akasema. "Kuko mutu mumoja alipita, mwenye kofia. Alinisalimia vizuri, mutu ya adabu. Akauliza, Mama Débora analala mulango gani? Nikamuonyesha. Nilikosa?"

"Hukukosa, muzee. Alikuwa na panga?"

"Alikuwa nayo. Nani hana panga? Na akiwa anatoka, alisimama pale katikati ya parseli, anageuka huku, anageuka kule, kama mutu mwenye alipoteza njia ya kwao."

Sylvie alisikia kila neno. Akamvuta Débora kutoka mgongoni, akamkumbatia mbele.

"Kumbe ni miye alikuwa anatafuta. Miye, koko. Nilimufanya nini?"

Na kule ndani ya depo Lydie anaapa kwamba ni yeye ndiye aliyetafutwa. Wanawake wawili, panga moja. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuogopa, lakini hawakuweza kuwa na haki wote wawili. Honorine alivua kilemba, akajikuna, akakifunga tena vibaya.

Lambert aliingia akisukuma pikipiki, injini imezimwa. Sylvie akamvuta Honorine kando.

"Usimupe Lydie. Jana nilimuona huyu ku rompuwe, pale njia zinakutana, anaongea na mwanaume wa kofia. Wanaongea muda murefu."

Honorine hakumkaribisha kiti. "Lambert, jana uliongea na Didier?"

Lambert akaegemeza pikipiki ukutani. "Ndiyo, koko. Alikuwa anauliza wamotari wote kama walibeba bibi yake. Nilimuambia sijue."

"Juu ya nini hukuniletea habari hiyo?"

"Niliogopa utazania ni miye nilimuuza. Na sasa njo unazania."

"Ninazania. Sitakuficha." Honorine akamwangalia Débora, aliyekuwa akila kipande cha mkate wa Sylvie. "Nijibu kitu kimoja. Mama Débora ni nani?"

Lambert akaona anachekwa. "Koko, si huyu? Kila asubuhi ninamubeba na samaki yake mpaka sokoni, mutoto anakaa mbele ku tanki. Nguo yangu yote inanuka Mama Débora."

Sylvie akacheka bila kutaka.

Honorine hakucheka. Hapo ndipo punje ya kwanza ilipojitenga na nyingine. Kama Lambert angemuuza Lydie, angesema Lydie, au angesema mlango wa depo. Asingemwita kamwe Mama Débora, kwa sababu Mama Débora wa kweli ananuka kwenye nguo yake. Sylvie naye hawezi kukosea jina lake mwenyewe. Basi aliyemtuma Didier ni mtu mwenye kuamini kwamba yule mwanamke aliyefichwa ndiye Mama Débora. Nani angeamini hivyo?

Ikamrudia Jumanne. Sylvie alikuwa sokoni, Débora ana homa, Lydie akamfunga mgongoni ili anyamaze, akatoka mara moja kuchota maji kwenye pipa. Saa ileile mgeni akaingia bila hodi: Mama Geneviève, wa kamati ya ndoa kanisani, aliyehamia karibuni kutoka Mahagi na hajui watu. "Na huyu ni nani?" Ulimi wa Honorine ukateleza, ukashika kitu cha karibu: "Ni Mama Débora." Geneviève akaona mtoto mgongoni, akaridhika. Mwanamke aliyebeba mtoto, nani anamuuliza jina lingine?

Na leo asubuhi, mlangoni pa kanisa, Geneviève alimshika Honorine mkono, akamsimamisha mpaka jua likawa kali. Habari ya kuku, habari ya mvua. Na katikati: "Mukono ya Mama Débora inaendelea kupona?" Honorine, mwenye haraka, alijibu inaendelea. Sasa aliangalia mikono ya Sylvie. Magamba ya samaki, ndiyo. Kidonda, hakuna hata kimoja.

"Lambert, nisamehe," akasema. "Mutoe Lydie. Umupeleke kwenye yeye mwenyewe atakuambia mu njia. Musiniambie."

"Hata weye, koko?"

"Zaidi miye. Kinywa yangu ilikosa, ikamuokoa. Siwezi kuitegemea ikose vizuri mara ya pili."

Baada ya chakula cha mchana alituma Geneviève aitwe. Geneviève alikuja haraka, na rozari mkononi, akasimama kabla ya kufika kwenye kiti. Mlango ulikuwa bado chini.

"Karibu," Honorine akasema. "Salimia Mama Débora."

Sylvie alikuwa mbele yake, akimimina chai. Geneviève alimruka kwa macho, akaangalia kwenye depo.

"Iko ndani?"

"Iko mbele yako," Sylvie akajibu. "Mama Débora njo miye. Na mulango hii ni yangu. Na godoro."

Geneviève aliangalia mikono iliyoshika birika. Mizima yote miwili. Aliiangalia mpaka chai ikamwagika nje ya kikombe.

"Lakini mwenye mukono ya kuungua..."

"Nani alikuambia habari ya mukono?" Honorine akauliza polepole.

"Bwana yake. Alikuja kwetu jana usiku, analia. Alisema bibi alijiunguza ku mbabula, akakimbia na haya. Nilikumbuka kile kitambaa. Nikajua ni ule nilimuona hapa. Nikamuambia aulizie Mama Débora, saa ya misa, watu wakiwa hawako, waongee vizuri. Nilizania nikikushika kidogo ku kanisa, ndoa itapona. Alisema anamuletea kitenge mupya."

"Alileta hiki." Honorine aliinua kipande cha godoro. "Kama mulango ingekuwa ile ya tatu, hii ingekuwa mutu."

Geneviève alikaa mwenyewe, bila kukaribishwa. Hakulia. Akasema:

"Nitaenda polisi. Nitasema alikuja kwangu, na miye njo nilimuonyesha. Nitasema mbele yake."

"Twende pamoja. Muzee Médard atamutambua kwa kofia na kwa adabu yake."

Geneviève alisimama, akaweka rozari mfukoni. "Na bibi mwenyewe, iko wapi? Nimuombe musamaha."

"Sijue," Honorine akasema.

Geneviève akainamisha kichwa, akidhani amenyimwa kwa hasira. Lakini ilikuwa kweli. Pikipiki ilipotoka, Honorine alikuwa amechukua ungo wa maharagi, akapepeta kwa nguvu zote, chaa, chaa, chaa, asije akasikia kama imekata njia ya Mambasa au ile ya ziwani.