Ubao Wangu Ulimtangaza Mchumba Wangu na Mwingine

Jina la mchumba wangu lilitokea kwenye ubao wa taa, kanisa zima likiangalia.

Lakini lililofuata halikuwa jina langu...

FIDELI NIZIGIYIMANA WA MABAWE NA BONIFASIA MAYUNGA WA NYANTAKARA. NDOA. TANGAZO LA KWANZA.

Wadau, Bonifasia ndiye niliyemchagua awe msimamizi wa ndoa yangu.

Na programu ya ubao ule niliiandika mimi mwenyewe, Deodata.

Fideli akaniinamia sikioni, hata jasho hana.

"Deo, mashine yako imechanganya majina."

"Itachanganyaje?"

"Si uliijaribu kwa majina ya marafiki zako? La Bonifasia limebaki humo. Nenda ukaseme, tunaaibika."

Nikamwamini, kwa sababu kosa la namna hiyo hutokea kweli. Kwenye C, lugha niliyoandikia programu hiyo, usiponakili jina, unabaki umeshika anwani tu ya mahali lilipoandikwa. Pakiandikwa jingine, la kwako limekwenda. Ndiyo maana kila jina unalitengenezea nakala yenye nafasi yake kwenye kumbukumbu, na likishatumika unaiachia hiyo nafasi.

Nikasimama mbele za watu, nikaomba msamaha. Wazee wakasema ubao ung'olewe, turudi kwenye karatasi.

Miezi minne ya kazi yangu, jamani... Nililia njia nzima.

Mchana nikafungua laptop, nikapitia mstari kwa mstari. Ile amri ya kunakili, strdup, ipo. Kila jina lina nakala yake. Majina ya majaribio nilishayaondoa zamani. Nikaingiza majina mia mbili kwa mkupuo, hakuna hata moja lililokanyaga mwenzake.

Kosa halipo.

Nikaenda kwa katekista Aristides, ndiye anayeingiza matangazo kwa simu yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

"Lile jina la Bonifasia limetoka wapi?"

Akafungua droo taratibu.

"Limetoka kwenye barua hii. Nilidhani mmeachana. Nikaona aibu kukuuliza."

Ilikuwa barua ya paroko wa kule Biharamulo, kwao Bonifasia. Fideli na Bonifasia wamejiandikisha tangu mwezi wa tano! Karatasi yetu, aliyoniapia kwamba ameipeleka, katekista hajawahi kuiona.

Mjanja alisahau kitu kimoja tu. Ndoa hutangazwa pande zote mbili, kwa bibi harusi na kwa bwana harusi.

Jioni Fideli akapiga simu.

"Deo, umeirekebisha?"

"Iko sawa kabisa."

"Afadhali."

Jumapili iliyofuata, tangazo la pili likatokea vilevile kwenye ubao, ambao wazee walikuwa bado hawajaung'oa. Katekista akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Nikasimama. Fideli akainamisha kichwa.

"Sina pingamizi na ndoa," nikasema. "Nimesimama kufuta ule msamaha nilioomba wiki iliyopita. Mashine haikukosea."

Mama yake Fideli akajifunika uso kwa kitenge.

Ubao haujang'olewa mpaka leo. Dada zangu, mtu akikwambia kosa ni lako, kagua kwanza, msamaha utaomba baadaye. Mimi nilianza kuomba, na hilo linaniuma karibu sawa na Fideli mwenyewe.