Viroba Tisa Mlangoni

Kila jioni fundi cherehani alifagia vipande vya nguo na kuvishindilia kwenye kiroba. Viroba vikizidi, mumewe, mpiga pasi, alivichoma uani. Siku moja moshi uliingia kwa jirani. Mtoto alikohoa hadi akakimbizwa zahanati.

Kesho yake asubuhi mwenye nyumba akaja na kufuli mkononi.

"Fundi, viroba hivi tisa viondoke kabla ya adhuhuri. Visipoondoka, nafunga chumba. Na mtu asiguse kiberiti!"

"Mzee, nipe hata siku mbili."

"Adhuhuri."

Majirani walishajaa mlangoni. Nani akose kioja cha bure?

Lori la kiwanda cha kurejeleza nguo likasimama. Mama wa yule mtoto ndiye aliyeliita. Mnunuzi wa kiwanda, mwanamke mwenye glovu, akashuka, akatia mkono kirobani, akautoa upesi.

"Mbona vimelowa?"

Mpiga pasi akatazama pembeni. "Niliposikia mnanunua kwa kilo, nilivinyunyizia maji, dada. Vipate uzito. Viwili tu, naapa!"

"Wewe mwanamume!" fundi akafoka.

"Vilivyolowa vinaoza, sivitaki. Na hivi saba vimechanganywa. Sivichukui."

Fundi akainua kipande kimoja. "Nguo si nguo tu?"

"Hapana. Pamba tunaigeuza sukari, tunaichachusha, tunapata spiriti ya kuchanganya na petroli. Poliesta tunaiyeyusha, inakuwa uzi mpya. Zikichanganyika, kiwanda kinalipa watu wazichambue. Gharama hiyo inameza bei yote. Chambueni wenyewe, bei hiyo ni yenu."

"Nitazijuaje?"

Mnunuzi akachomoa uzi, akaushika kwa koleo juu ya ndoo ya maji, akauwasha. Ukawa jivu laini, lenye harufu ya karatasi. "Pamba." Uzi wa pili ukayeyuka, ukajikunja kuwa tone gumu jeusi. "Poliesta. Usiiguse ikiwa ya moto. Haya, nina nusu saa."

Fundi akawageukia majirani. "Mmekuja kutazama? Kaeni chini, chambueni!"

Mikono ikaruka. Vifungo na zipu vikang'olewa.

"Shangazi, hiyo pamba!"

"Na hii inayoteleza kama ahadi za mume wangu?"

"Poliesta!"

Mwenye nyumba alitazama saa. Dereva akapiga honi. Kiroba cha saba kilikuwa nusu. Fundi alichambua huku kidole kikivuja damu, pini imemchoma. Honi ya pili. Akafunga kamba, mpiga pasi akakirusha juu ya lori.

Mnunuzi akapima, akalipa.

"Nilisema tisa," mwenye nyumba akasema. "Hivyo viwili?"

"Vitalala kitandani kwetu, mzee. Upande wa mume wangu, mpaka vikauke."

Kicheko kikalipuka. Mwenye nyumba akatia kufuli mfukoni.

Siku hizi mifuko mitatu inaning'inia kando ya meza ya kukatia: pamba, poliesta, na vitambaa vya mchanganyiko vya kujazia mito. Hakuna moshi tena, na mtoto wa jirani amepona. Malipo ya lori yananunua nyuzi za mwezi mzima.

Juzi mwenye nyumba alipitisha kichwa mlangoni, amekumbatia mapazia yaliyochanika.

"Fundi, haya utanipa bei gani?"

"Umeyachambua, mzee?"