Owiti na Darasa la Chupa

Wazazi wenzangu, nanyi vijana mnaosoma mbali na nyumbani, nisikilizeni. Jambo hili lilitokea kwa jirani yangu Dorca, anayeuza omena, samaki wadogo wa ziwani, hapa Kisian, na mwanawe Owiti.

Nyumba ya Dorca ilikuwa na amani. Ukutani zilining'inia picha alizochora Owiti kwa penseli: maharusi, mchungaji, mtoto wa jirani. Zote alizinakili kutoka kwenye simu, na zilifanana mpaka wageni wakadhani ni za kamera. Alipopata nafasi katika chuo kimoja cha sanaa mjini, sote tulifurahi. Alipanga chumba katika mtaa wa Migosi huko mjini, akaanza masomo.

Wiki ya kwanza Mwalimu Maryanne aliweka chupa mezani, akawataka wanafunzi waitazame nusu saa kabla ya kuichora. Wiki ya pili ikawa chupa tena, pamoja na kiti. Owiti aliona amerudishwa chekechea. Hakumwambia mwalimu kwamba kazi ile inamchosha, wala hakuomba nyingine. Aliipiga chupa picha kwa simu, akainakili chumbani kwake, akapeleka kazi safi. Mwalimu naye alitoa alama bila kuuliza. Wenzake walipofika hatua ya kumchora mtu aliyekaa mbele yao, Owiti alikuwa ameshaacha kuhudhuria.

Mwezi wa sita nyanya yake, Mama Akinyi wa Sondu, aliugua. Daktari alimweleza Dorca kwamba moyo umechoka. Mama Akinyi hakupenda kamera. Alisema kila picha humwonyesha kama mtu aliyekasirika. Lakini alimwita mjukuu wake akamwambia angependa kujiona amechorwa naye.

"Dani, kesho utakuwa nayo," Owiti alimjibu, akimwita nyanya kwa Kijaluo.

Asubuhi nyanya alivaa gauni lake la kanisani, akakaa uani. Owiti akaanza. Nyanya alipumua, kichwa kikasogea. Alifukuza kuku, bega likashuka. Owiti alizoea picha isiyotikisika. Kwenye karatasi jicho moja lilikuwa kubwa kuliko lenzake. Alipolifuta, mdomo nao ukaonekana umehama. Kufikia saa sita alikuwa amechana karatasi nne, na nyanya anasinzia kwa uchovu. Nyanya aliomba aione ya tano. Aliisogeza karibu na macho.

"Ni mzuri," alisema, "lakini simjui huyu mama."

Owiti alirudi Migosi. Kila simu ilipolia alidhani ni habari mbaya kutoka Sondu. Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Maryanne, akamweleza yote, tangu chupa ya kwanza.

"Nami nilikosa," mwalimu alisema. "Kazi zako hazikuwa na dosari hata moja. Hapo ndipo nilipopaswa kukuuliza."

Alimwanzisha upya. Alimpeleka kumchora bawabu akinywa chai, na wapishi wakimenya viazi. Kila siku Owiti alimpigia mama yake, na kila siku aliambiwa nyanya anaulizia picha. Aliogopa kwenda na mkono ambao haujawa tayari, na aliogopa kuchelewa. Hivyo siku zikapita kumi na nane.

Ndipo Dorca alipompigia. "Njoo sasa," alisema, akakata simu.

Owiti alimkuta nyanya kitandani, macho ameyafumba, hasemi. Dorca alimwambia achore tu. Owiti alimtazama nyanya kwa muda mrefu kabla ya kugusa karatasi, kisha akachora bila kufuta. Alipomaliza, Dorca aliitazama picha ile akaketi chini.

"Ni yeye," alisema. "Ni mama yangu."

Owiti aliishika mbele ya uso wa nyanya, akamwita mara tatu. Hakufumbua macho. Siku ya pili alifariki, na wiki iliyofuata tulimzika. Sote tuliopita mbele ya picha ile tulisema imefanana. Aliyeiomba hakuiona.

Funzo

Kijana, somo likikuchosha, usiseme mara moja kwamba unalijua. Huenda hujaligusa bado. Na kama kweli ni jepesi, mwambie mwalimu wako akupe gumu. Usinyamaze ukatafuta njia ya mkato, maana siku ya kuhitaji ulichokiruka haikupi taarifa. Nanyi mnaofundisha, mwanafunzi asiyekosea kamwe naye aulizwe. Sisi wazazi tulitosheka na picha za ukutani. Hatukumuuliza Owiti hata mara moja anajifunza nini.