Vikombe Viwili vya Marehemu

Asubuhi ile Mama Vifungo aliona kitambaa kilichofunika cherehani ya marehemu mumewe kimesogea vidole viwili upande wa dirisha. Alikirudisha mahali pake, akaketi kwenye cherehani yake, akaendelea na mashati ya sare.

Walishonea katika chumba cha mbele cha nyumba. Wifi yake, dada wa marehemu, alipiga pasi ya umeme mezani karibu na mlango. Alikuwa amehamia siku za msiba ili mjane asibaki peke yake, na huu ulikuwa mwezi wa tatu.

Enzi za uhai wake, Mungu amrehemu, mume ndiye aliyepika kahawa. Vijiko sita birikani, vikombe vitatu: viwili vyake, kimoja cha mkewe. Mama Vifungo alishindwa kupunguza kipimo. Aliona kupunguza ni kumzika mara ya pili, na kumwaga riziki ni dhambi. Basi alipika vilevile, akanywa chake, halafu akanywa na vile viwili katika kikombe cha marehemu chenye ufa. Wifi yake hakugusa. Kahawa ilimchefua tangu utotoni.

Saa nne sauti ikaanza. Du, du, du. Mguu juu ya pedali.

"Wifi, unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia pasi inavyofoka."

"Cherehani ya kaka yako."

"Si hiyo hapo imefunikwa? Wewe nawe, hata paka akipiga chafya unaandika wosia."

Ni kweli, tangu usichana alikuwa mtu wa wasiwasi. Lakini mzaha ule haukumkaa vizuri. Kwa nini sauti kubwa kiasi hiki aisikie mtu mmoja?

Kila siku ikawa hivyo: saa nne, du, du, du, harufu ya kahawa ikizidi kuwa kali ingawa birika lilishapoa, viganja vikilowa jasho hadi shati linateleza chini ya sindano, pumzi ikiishia kooni, na yeye akisoma dua kimoyomoyo huku jicho moja likiwa kwenye kitambaa na la pili kwa wifi yake, ambaye alipiga pasi ametulia, ametulia mno, kama mtu ajuaye mgeni ni nani na amekuja kufuata nini.

Siku moja akamkuta jikoni, ameinamia birika.

"Unatia nini humo?"

"Maji, wifi. Nzito mno hii."

"Maji gani?"

"Maji ya mtungini. Wifi, unanitazama kama mwizi."

"Umeleta kitu nyumbani kwangu. Kesho funga virago."

Wifi aliweka kata chini polepole. "Nitafunga. Huna ndugu mwingine, wala mimi sina, lakini nitafunga. Kwanza twende tu kwa mkunga."

Mkunga alishastaafu kuzalisha. Sasa watu walimfuata awasomee dua majini yalipowasumbua. Alimshika Mama Vifungo kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

"Huja saa ngapi?"

"Saa nne."

"Kabla ya hapo unafanya nini?"

"Naswali. Nakunywa kahawa."

"Vikombe vingapi?"

"Kimoja changu. Viwili vyake."

"Vya nani?"

"Vya mume wangu."

"Aliyekufa." Mkunga aliuachia mkono. "Mwanangu, majini nayajua, na sijasema hayapo. Ila mtu mwenye wasiwasi akinywa kahawa ya watu wawili, moyo humwenda mbio na mikono humtetemeka, na yeye husema ameingiliwa. Tuanze na hilo la birikani. Ondoa kijiko kimoja kila siku tatu. Ukikata ghafla kichwa kitakupasuka."

Alimsomea, akawaaga.

Mama Vifungo alimwomba wifi yake radhi njiani. Virago havikufungwa. Vijiko vikawa vitano, vikawa vinne, na sauti ikasogea mbali. Kwenye viwili usingizi ulirudi, mshono ukanyooka. Siku ya kumi na tisa jiko halikuwashwa kabisa. Walikula mkate wa jana, na kikombe chenye ufa akakifudikiza rafuni.

Saa nne ikafika. Kimya. Mama Vifungo alimshukuru Mungu kwa sauti.

Pasi ilikuwa imesimama juu ya shati, na shati lilianza kuungua.

"Wifi, pasi."

Wifi yake aliinyanyua. Mkono wake ulitetemeka.

"Umekunywa kahawa?"

"Mimi? Tangu lini?" Aliiweka pasi kando. "Sikutaka kukutisha, ndiyo kwanza umepona. Sauti ilianza ulipoondoa kijiko cha kwanza. Kila ukipunguza, inazidi. Hata sasa husikii?"

Mama Vifungo alitega sikio. Hakusikia chochote. Aliutazama uso wa wifi yake, akitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza aliomba aupate.

Alikwenda jikoni. Majivu yalikuwa baridi. Rafuni, kikombe chenye ufa kilikuwa kimesimama wima. Alikigusa kwa ncha ya kidole.

Kilikuwa cha moto.