Pazia la Ardith na Honi ya Mtoni

"Mama, kesho naja na lori. Usipike," Janelle akamwambia mama yake, Ardith, kwenye simu.

"Lori la nini, na mimi vitu vyangu ni kitanda na paka?"

"Mtaa mzima umebaki peke yako, mama. Unamngoja nani?"

Ardith akamuaga bintiye. Tangu kifungwe kiwanda cha vifungo vya nguo vilivyochongwa kwa magamba ya kome wa mtoni, watu wa mji mdogo wa Harlan Point walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, kama wageni walioona sufuria tupu. Kazi iliyobaki ni kupakia mahindi kwenye matishari. Hata jirani yake Verna, mjane mwenye kiuno cha kuudhi, alikwisha kuhamia Des Moines kwa mwanawe.

Alipokata simu tu, honi ikalia mtoni. Moja ndefu, mbili fupi.

Barafu iliyofunga mto wakati wa baridi ilikuwa imeyeyuka, na hiyo ndiyo meli ya kwanza ya mwaka. Ardith akakimbia kufunga pazia, kama miaka yote. Watu wa mtoni wanajua: nahodha humpigia honi mwanamke mmoja, na mwanamke akimtaka, hupunga kitambaa. Nahodha Leland alikuwa akimpigia Verna. Verna alipunga. Ardith alifunga pazia, akanywa kahawa yake peke yake na kujiambia haimuumi.

Leo mkono ukagoma. Nyumba ya Verna imepigiliwa mbao. Sasa huyu anampigia nani, paka?

Akampigia Verna simu.

"Leland amepiga honi."

"Enhe."

"Na wewe hupo."

"Najua sipo, shoga. Niko huku nafua soksi za wajukuu."

"Basi siku zote alikuwa anampigia nani?"

Verna akakohoa kikohozi cha uongo. "Mimi nilipungia kila meli, hata ya mchanga. Yeye aliniuliza dukani kama wewe una mtu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, 'Pazia lake limeshakujibu.'" Akafunga bomba la maji. "Nilikuwa mpweke, Ardith. Nilitaka japo watu wadhani ni mimi."

Ardith akatafuta tusi la kumtosha. Akakumbuka shoga mwingine hana.

"Tutagombana Jumapili. Sasa hivi sina nafasi."

Vitambaa vyote vilikwisha fungwa kwenye maboksi. Akavua aproni, akashuka nayo hadi gati la ghala la mahindi, meli ilipofunga kamba. Akaipunga mpaka bega likauma.

Leland akashuka ngazi polepole, kofia mkononi, mvi zikipepea.

"Bi Ardith, unakung'uta unga au unanipungia mimi?"

"Vyote viwili. Ungebisha hodi ungekufa?"

"Asiyepunga habishiwi hodi, unajua. Lile pazia nimelitazama mpaka nimejua lilivyochakaa."

"Na bado ukapiga honi?"

"Nilifikiri ipo siku litakuchosha kulifunga."

Ardith akatazama maji.

"Limenichosha," akasema. "Kahawa ipo. Kikombe cha pili sijui kiko boksi gani."

"Tutakitafuta."

Jioni Janelle akapata ujumbe: "Lori usilete. Lete pai ya tufaha, tutakula watatu."

Akajibu haraka: "Mama, wa tatu nani?"

Simu ikaita, ikaita tena. Ardith hakuishika. Alikuwa juu ya kiti, analiondoa pazia dirishani, na kiti kilikuwa na wa kukishikilia.